Hoki ya barafu Ngamiani: banda linaloeleza kwa nini refa haingilii ngumi

Mabanda ya mpira Tanga ni mengi na yanafanana: viti vya plastiki, televisheni mbili, king'amuzi, na kijana mlangoni anayekusanya mia tano. Hili la Ngamiani lina jambo lake. Jumamosi usiku, kuanzia Oktoba hadi Aprili, linaonyesha hoki ya barafu ya NHL, ligi ya Marekani na Kanada, na mtangazaji anakaa pembeni na maiki akiifuata mechi kwa Kiswahili kama walivyokuwa wakifanya watafsiri wa sinema. Kiingilio ni shilingi 1,000. Pesa hiyo ni halali yao, ila yapo mambo ya kujua kabla ya kwenda, na yapo ambayo mtangazaji mwenyewe anapaswa kuyarekebisha.

Kwanza saa. Mechi nyingi za NHL huanza saa moja jioni ya mashariki ya Marekani, na hapo kwetu ni saa tisa usiku. Banda halikeshi. Linachagua mechi za mchana wa huko: inayoanza saa saba mchana wao tunaiona saa tatu usiku, na inayoanza saa tisa tunaiona saa tano usiku. Mwezi wa Oktoba, na tena kuanzia katikati ya Machi, saa zao zikiwa zimesogezwa mbele, punguza saa moja. Vipindi ni 3 vya dakika 20, lakini saa inasimama kila filimbi ikilia, na kuna mapumziko 2 ya kama dakika 18, kwa hiyo weka saa mbili na nusu. Mechi ya saa tano itakutoa saa saba na nusu usiku. Panga na bodaboda wako mapema.

Picha inatoka kwenye kompyuta mpakato inayovuta intaneti ya simu, ikapigwa na projekta ukutani. Hapa ndipo hoki ilivyo ngumu kuliko kandanda. Kisahani wanachogombea ni cha raba nyeusi, kipenyo sentimita 7.6, unene sentimita 2.5, uzito kama gramu 170, na kikipigwa vizuri kinapita kilomita 160 kwa saa. Mtandao ukilegea, picha haigandi mara moja, inafifia kwanza, na cha kwanza kupotea ni hicho kisahani. Mtabaki mnawatazama watu wanaokimbizana na hewa. Picha safi inakula kama GB 3 kwa saa, yaani bando la GB 7 au 8 kwa mechi moja, na ndiyo maana kiingilio ni mara mbili ya mpira. Ukuta nao umepakwa rangi ya mafuta. Kwenye kandanda kijani kinaficha kasoro, lakini barafu ni nyeupe tupu, na rangi inayong'aa inarudisha mwanga wa projekta katikati kabisa, pale ambapo mchezo mwingi unapita. Tabaka moja la rangi nyeupe isiyong'aa lingemaliza tatizo. Kwa sasa kaa safu ya tatu, upande wa kushoto, na waombe washushe pazia la mlango.

Sasa ngumi, maana ndizo zinazojaza viti. Kila mgeni anauliza swali lilelile: wale wanapigana mbele ya refa, mbona hawatolewi? Jibu la mtangazaji ni zuri kuliko mengi yanayosikika, na anastahili sifa kwa kulianzia kwenye hesabu badala ya kuanzia kwenye ukali wa Wakanada. Kupigana ni kosa. Kanuni ya 46 ya NHL inampeleka aliyepigana kwenye benchi la adhabu dakika 5. Ila wawili wakipewa dakika 5 sawasawa, adhabu hizo zinafutana kwa upande wa timu: kila kocha anaingiza mtu mwingine na mchezo unaendelea watano kwa watano na makipa wao. Mfano wake ni wa uwanja wa mpira wa Mkwakwani. Beki wa Coastal Union akimtandika mshambuliaji wa African Sports, ni nyekundu, na Coastal wanabaki 10 mpaka mwisho. Wenzake 10 ndio wanaolipa deni lake, kwa hiyo wao wenyewe watamshika kabla hajanyanyua mkono. Kwenye hoki timu ina wachezaji 18 wa ndani na makipa 2, wanabadilishana kila baada ya kama sekunde 45, na anayekaa nje dakika 5 mara nyingi ni mbabe ambaye hata hivyo hachezi sana. Timu haipungukiwi kitu. Mchezo wowote ukiweka bei hiyo utapata ngumi.

Ushahidi ni kwamba wachezaji walewale wakienda Olimpiki, ambako kanuni za kimataifa zinamtoa mpiganaji, ngumi karibu hazionekani. Vyuo vya Marekani vinamtoa na kumnyima mechi inayofuata, na huko nako ni nadra. Ligi ya vijana ya Quebec ilianza kuwatoa wapiganaji msimu wa 2023. Hulka ya mtu haibadiliki kwa kuvuka mpaka. Kilichobadilika ni kanuni.

Desturi yenyewe ni ya zamani. NHL ilianzishwa 1917, na mwaka 1922 ikaandika kanuni ya ngumi yenye adhabu ya dakika badala ya kumtoa mtu. Hoja iliyobaki tangu hapo ni kwamba uwanja umezungushiwa mbao, mtu anakwenda kasi kubwa akiwa na gongo mkononi, na refa haoni kila kitu. Bora watupe magongo na glavu wamalizane kwa mikono kuliko mmoja alipize kwa gongo. Nyota nao wakawekewa walinzi. Wayne Gretzky akiwa Edmonton alilindwa na Dave Semenko, kisha Marty McSorley, na alipouzwa Los Angeles mwaka 1988 McSorley alikwenda naye.

Hapo ndipo mtangazaji anapokosea. Hoja hiyo, kwamba ngumi na walinzi huzuia mabaya zaidi, anaitaja kama jambo lililothibitishwa, na anarudia neno "inaruhusiwa" mpaka linachosha. Haijaruhusiwa, na mlinzi hazuii kila kitu. Machi 2004 Steve Moore wa Colorado alikuwa na deni la kumgonga Markus Näslund wa Vancouver mechi ya nyuma. Alilipa kwa desturi yao: alipigana na Matt Cooke kipindi cha kwanza. Ilitakiwa iishe hapo. Kipindi cha tatu Todd Bertuzzi wa Vancouver akampiga Moore kwa nyuma, na Moore akavunjika mifupa ya shingo na hakucheza tena. Mwambieni mtangazaji aisimulie hiyo pia. Asimulie na habari ya Don Sanderson, aliyefariki Januari 2009 huko Ontario baada ya kofia yake kumtoka katikati ya ugomvi na kichwa kugonga barafu, na ya Derek Boogaard, mbabe wa NHL aliyefariki 2011, ambaye ubongo wake ulikutwa na ugonjwa unaotokana na vipigo vya mara kwa mara. Vijana wa miaka 15 wanakaa safu ya mbele. Wanastahili kusikia bei yote.

Pambano likianza, usiangalie ngumi peke yake. Angalia mkono mwingine. Juu ya barafu mguu hauna pa kukita, hivyo kila mmoja anashika jezi ya mwenzake ili asianguke, kisha anapiga kwa mkono uliobaki. Jezi ina mkanda kwa nyuma unaofungwa kwenye suruali ili isivutwe ikafunika kichwa. Asiyeufunga, jezi ikamtoka, anatolewa kabisa. Anayevua kofia yake mwenyewe ili apigane anaongezwa dakika 2 tangu 2013. Marefa wako 2 na wasaidizi wa mstari 2, na ni wasaidizi wanaoingia kuwaachanisha. Wanasubiri mmoja aanguke au wote wachoke, maana kumshika mmoja mapema ni kumwachia mwenzake apige bure. Mtu wa tatu akijiingiza, nje. Wa kwanza kuruka kutoka benchi kwenda kupigana, mechi 10 hachezi. Uhuru wenyewe ni finyu kuliko unavyoonekana ukutani.

Baada ya pambano ndipo banda linapoharibu. Mwenye mitambo anapandisha singeli juu kabisa, watu wanapiga kelele, na mtangazaji anazima maiki. Dakika hiyohiyo marefa wanaamua nani alianzisha. Mwanzishaji anapewa dakika 2, juu yake 5, juu yake 10, na zile 2 timu yake inacheza pungufu. Bila maiki, fuata dalili hii: ukiona mchezaji ambaye hakupigana anakwenda kukaa benchi la adhabu, huyo anatumikia zile dakika 2 za mwanzishaji. Hapo timu pinzani inapata nafasi nzuri ya kufunga. Singeli isubiri mapumziko.

Kahawa ni ya dukani jirani, kashata zinaisha mapema, na choo ni safi. Umeme ukikatika kabla kipindi cha pili hakijaisha, tiketi inatumika Jumamosi inayofuata. Ukikatika kipindi cha tatu hurudishiwi kitu. Jenereta ipo lakini haibebi projekta na feni pamoja, hivyo miezi ya joto vaeni nguo nyepesi.