Huduma ya kusoma jenomu za fangasi, mimi nimeikubali

Jamani hii maabara niliyowapa sampuli za Candida auris (fangasi inayoambukiza watu, hasa hospitalini) wanajua kazi, data imekuja safi, jenomu nzima, yaani DNA yake yote, ya herufi kama milioni 12 na kila kipande kimesomwa mara nyingi yaani unaona kabisa herufi moja tu imebadilika kwenye jeni ya ERG11 na fangasi haisikii tena flukonazoli, dawa ya kuua fangasi. Moja tu! Na ndo kusoma jenomu hivi kulionyesha hii fangasi iliyotambuliwa Japani 2009 imeibuka karibu kipindi kimoja mabara tofauti, kila sehemu na ukoo wake tofauti kabisa. Kasoro walichanganya lebo za sampuli mbili, nikapoteza wiki nzima nafukuzia mabadiliko ambayo hayapo, iliniuma. Walirudia bure lakini.