Fundi fremu wa Chikongola: kazi nzuri, kasoro kioo

Ukipita nyuma ya soko kuu la Mtwara, upande wa Chikongola, kuna banda limetundikwa picha za harusi nje. Humo ndimo nilipopeleka nishani za babu. Nampa nne kati ya tano.

Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alituachia tatu: Nyota ya 1939–45, Nyota ya Burma (Myanmar ya leo) na Nishani ya Vita, ile yenye simba aliyemkanyaga joka la vichwa viwili. Kabla hajashika nyundo fundi akauliza, "Dada, karatasi zake za jeshi zipo?" Nikajua hapa bei inapandishwa. Akanigeuzia nyota: nyuma tupu. Nishani za Vita ya Kwanza Waingereza walichonga namba na jina la askari ubavuni. Hizi za vita ya Hitla Keya walipewa bila jina. Ukizitundika hivihivi, mgeni atajuaje kama hukuzinunua mnadani?

Bibi alikuwa amekitunza kitabu cha kuachishwa jeshi chini ya kanga zake. Kinasema babu alijiunga 1942, akaachishwa 1946. Katikati nilijazia niliyoyasikia kwa babu mwenyewe: Ceylon (Sri Lanka ya leo) kwanza, kisha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, matope ya bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, hadi kuvuka mto Chindwin Desemba. (Upande wa mama, mzee wetu alipigana Mahiwa Oktoba 1917, lakini kwa Mjerumani, chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck. Vya kwake hatuna hata kifungo.)

Kadi ya kwanza, ile ya maelezo ya kuweka ndani ya fremu, niliikataa. Fundi aliandika "Burma 1941–1945". Huo ni muda wa nishani yenyewe, kuanzia 11 Desemba 1941 hadi 2 Septemba 1945. Babu mwaka 1941 alikuwa Newala analima mihogo. Akaiandika upya bila kununa, wala hakudai nyongeza.

Kilichonifurahisha zaidi ni tepe, vile vitambaa vya kutundikia nishani. Zimepauka, ya Burma imeliwa pembeni, nami nikataka mpya za fundi cherehani. Akagoma: ile buluu nzito, wekundu katikati na mistari ya chungwa hutaipata dukani. Akazishonea kitambaa kwa nyuma, sindano huioni. Mpangilio nao sahihi, Nyota ya 1939–45 ikitangulia.

Sasa lawama. Kijana wake alishachukua majivu na ndimu asugue shaba, nikamnyang'anya. Kioo kimegusa nyota, na kwa hewa hii ya chumvi kutu haitachelewa. Ilibidi nirudi kiwekewe kijiti cha kukiinua. Na ahadi ya Ijumaa ilipita, maana ni msimu wa korosho na kila aliyelipwa anataka fremu.

Nililipa elfu arobaini na tano, kadi ikiwemo. Lipa nusu kwanza, na la kijiti mwambie mapema.