Picha ya Cincinnati ya 1848, kwa uchapishaji wa duka moja la Malindi: nyota tatu na nusu

Picha za majahazi kila mkahawa wa Lamu unazo, kwa hiyo kwangu nilitaka bandari ya watu wengine. Nikaichagua Cincinnati, Marekani, ilivyopigwa Septemba 1848 na Charles Fontayne na William Porter. Walisimama Newport, ng'ambo ya Mto Ohio, wakapiga mabamba manane yanayofuatana. Ni sawa na mtu asimame Manda aichukue Lamu yote mpaka Shela, maana ukingo ulioingia mle ni kama kilomita tatu. Mji wenyewe ulikuwa haujatimiza miaka 60, na meli za moshi tayari zimebanana gatini. (Utajiri wake mwingi ulitokana na nguruwe. Wateja wangu hawajauliza, nami sijasema.)

Picha za aina hii zilikaa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha na kufukizwa mvuke wa zebaki. Hakuna negativu ya kuchapia nakala. Lakini usafi wake ni wa ajabu: wataalamu walipoyatazama mabamba kwa hadubini waliisoma saa ya mnarani, saa nane kasoro dakika tano. Tarehe nayo ilitafutwa kwa majina ya meli na kimo cha maji ya mto, kazi ambayo nahodha yeyote angeifurahia. Ndiyo maana nilisisitiza ichapishwe kubwa, mita mbili na nusu. Ukiifanya ndogo umenunua ukungu.

Duka liko Barabara ya Lamu. Karatasi ni nzito, weusi umekolea, na maungio ya vipande vinane huyaoni mpaka usogee. Walinishauri nisichukue karatasi ya kung'aa, na ni kweli. Mkahawa unaotazama bahari, ukutani ungeona mwanga mtupu. Waliitia kwenye bomba la plastiki, ikaja kwa basi mpaka Mokowe na boti mpaka hapa, haikupata hata tone.

Nyota nilizokata ni za kompyuta. Chapa ya kwanza ukingo wa mto ulikuwa mweupe, umefagiliwa. Nikapiga simu.

“Mzee, nilitoa vile vidoa, nikajua ni vumbi.”

“Vile si vumbi, baba. Ni watu.”

Akacheka kwa haya, akachapisha upya bila kunidai. Lakini mteja asiyeijua picha angetundika mji usio na mtu na asigundue. Picha ya zamani huachwa na mikwaruzo yake. Mafundi wengi siku hizi hawawezi kuona alama wasiifute.

Nililipa shilingi 9,500 pamoja na usafirishaji. Fremu sikuwapa wao, mafundi wetu wa Lamu wanajua mbao zaidi. Mkiagiza, andikeni kabisa kwenye ujumbe: msifute chochote. Na Ijumaa adhuhuri msiwapigie, wamefunga.