Ripoti za watazamaji wa televisheni Uganda: unachouziwa hasa ni nini

Muuzaji wa ripoti ya watazamaji mjini Kampala huanza na mchoro wa rangi: stesheni hii iko juu, ile iko chini, na ikifika saa tatu usiku mstari unapaa. Usiukubali mchoro huo kabla hujaiona hojaji. Kila tarakimu iliyomo imetokana na swali fulani, aliloulizwa mtu fulani kwa lugha fulani, na ubovu wa ripoti nyingi huanzia hapo kabla hata hesabu haijapigwa.

Njia zinazouzwa ni tatu. Katika mahojiano ya ana kwa ana, mhojaji anafika nyumbani na kuuliza mtu alitazama nini jana, siku ikiwa imegawanywa vipande vya nusu saa au robo saa. Kwa ujumbe wa simu, mtu anajibu maswali mafupi na kupewa muda wa maongezi kidogo kama shukrani. Kwa shajara, familia inaachiwa kijitabu ijaze wiki nzima.

Kwa mteja anayetaka picha ya nchi yote, mahojiano ya ana kwa ana ndiyo bora, ingawa ndiyo ghali zaidi. Lakini yana mitego yake. Mhojaji anayepita mchana huwakuta wazee, kina mama na vijana wasio na kazi. Mwenye duka na dereva wa boda hawapo. Kazi nzuri humlazimu mhojaji kuorodhesha watu wote wa nyumba, kumchagua mmoja kwa jedwali la Kish (jedwali linaloamua bila upendeleo nani ahojiwe) badala ya yule aliyefungua mlango, kisha kurudi hata mara tatu, jioni na mwisho wa wiki, kabla ya kumwacha. Uliza ni wangapi walibadilishwa na jirani kwa sababu hawakupatikana. Ukiona idadi hiyo imefichwa, ujue sampuli imejaa wakaao nyumbani, na vipindi vya mchana vimepewa watazamaji wasio wao.

Mtego wa pili ni majina. Ukimuuliza mtu alitazama stesheni gani, wengi hutaja dekoda: Azam, StarTimes, DStv. Asipodadisiwa, jibu linatupwa au mhojaji analijaza kwa kubahatisha. Dawa yake ni kadi zenye nembo za stesheni, zikichanganywa upya kwa kila nyumba ili nembo ya kwanza isipate upendeleo. Katika miji ya mpakani ya Busia na Malaba, kadi ziwe na stesheni za Kenya pia. Na lugha ni jambo zito: kampuni ikichapisha hojaji ya Kiingereza na Kiganda peke yake, mhojaji wa Arua au Soroti anatafsiri kichwani papo hapo. Wahojaji kumi watauliza maswali kumi tofauti. Dai kuona tafsiri zilizoandikwa za Kilugbara, Kiteso, Kiacholi na Runyankore-Rukiga, na kama kazi inafika kwenye kambi za jeshi au miji ya mpakani, ya Kiswahili pia.

Kumbukumbu yenyewe husaidiwa kwa kuanza na siku, televisheni ikafuata baadaye. Mhojaji hodari huuliza kwanza: jana umeme ulikuwepo? Mlikula saa ngapi? Nani alishika rimoti? Hapo ndipo mtu anapokumbuka kwamba taarifa ya habari anayoitazama kila siku, jana hakuiona. Pasipo maswali hayo anakueleza mazoea yake, na mazoea huipendelea habari kuliko tamthilia, kwa kuwa habari ina heshima. Upande wa umeme, ripoti inapaswa kuonyesha siku na maeneo yaliyokatiwa. Tangu Aprili 2025 usambazaji uko mikononi mwa UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni binafsi iitwayo Umeme kuisha, kwa hiyo anayelinganisha robo za mwaka aweke taarifa za kukatika kwa umeme kando ya takwimu zake, la sivyo atalaumu kipindi kwa kosa la nyaya.

Ujumbe wa simu ni mwepesi, na majibu hupatikana asubuhi yake. Kwa kujua kama tangazo la jana limeonwa na vijana wa mjini, hauna mpinzani. Kwa nchi nzima, hapana: unamwacha asiye na simu, asiyesoma vizuri, na mwenye simu ambayo betri imekwisha. Simu moja pia hutumiwa na watu wawili au watatu, hivyo aliyejiandikisha kuwa mwanamume wa miaka 40 huenda leo ni binti yake. Watoaji makini huweka kwenye orodha stesheni isiyokuwepo kabisa. Anayedai aliitazama huondolewa pamoja na majibu yake yote. Huwaondoa pia wanaojibu “1” kila swali. Muulize muuzaji ameondoa wangapi. Akijibu hakuna, basi hakukagua.

Kwenye shajara tusikawie. Hujazwa siku ya saba, kalamu ile ile, mwandiko ule ule, Jumatatu ikifanana na Alhamisi. Inafaa tu pale msimamizi anapopita kila baada ya siku mbili.

Pengo kubwa kuliko yote ni kibanda cha video, ukumbi wa mtaani ambako watu hulipa kutazama kwa pamoja. Njia zote tatu huhesabu nyumba au mtu mmoja mmoja, na sehemu kubwa ya utazamaji wa Uganda hufanyika kwa pamoja: filamu zilizotafsiriwa na ma-VJ (wasimulizi wanaotia sauti zao juu ya filamu za kigeni), mechi za Ligi Kuu ya Uingereza kwenye baa, habari kwa jirani mwenye sola. Hata vifaa vya kupimia ambavyo kampuni ya Nielsen ilianza kuvitumia Marekani mwaka 1987, kila mwanafamilia akibonyeza kitufe chake, vilibuniwa kwa sebule. Hojaji isiyo na swali “ulikuwa wapi ulipotazama?” haifai kununuliwa hapa. Swali hilo linachukua sekunde chache tu, na linabadili kabisa hesabu za Jumamosi na Jumapili.

Sasa tarakimu. Tuseme watu 1,000 wamehojiwa, 300 walikuwa wakitazama televisheni saa mbili usiku, na 90 kati yao walikuwa kwenye stesheni A. Stesheni itatangaza asilimia 30, ambayo ni sehemu yake ya waliokuwa wakitazama. Mwenye tangazo amefikia asilimia 9 tu ya watu. Vyote viwili ni kweli, ila bei ya tangazo ipangwe kwa 9. Tena ile 30 imetoka kwa watu 300, hivyo makosa yake ni kama pointi 5 juu au chini. Stesheni B yenye watu 80 haijashindwa. Kama wahojiwa walichukuliwa kumi kumi kijiji kimoja, majirani hufanana, na sampuli ya 1,000 inaweza kuwa na uzito wa 500. Ripoti inayokupa asilimia za “wanawake wa miaka 18 hadi 24, Kaskazini” kwa watu 40 inakuuzia bahati nasibu.

Wanaotaka kujua athari, yaani mashirika ya afya, elimu na haki, wasinunue ripoti hizi kabisa. Kutazama hakusemi kitu kuhusu kubadilika. Uganda imepata tafiti mbili zinazoonyesha kazi hiyo hufanywaje. Mtafiti Emma Riley aliwagawa kwa kura wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakijiandaa kwa mitihani ya taifa: wengine waliona Queen of Katwe, filamu ya msichana wa mtaa maskini wa Kampala anayeinuka kwa mchezo wa chesi, wengine filamu nyingine isiyohusiana. Waliokuwa ngazi ya chini ya sekondari walifanya vizuri zaidi hisabati, hasa wasichana na waliokuwa dhaifu. Watafiti Donald Green, Anna Wilke na Jasper Cooper walipeleka maonyesho ya filamu katika vijiji 112, watu zaidi ya 10,000 wakahudhuria, na katika vijiji vilivyochaguliwa kwa kura ziliongezwa video fupi za kupinga ukatili dhidi ya wanawake. Miezi kadhaa baadaye, mitazamo inayouhalalisha ukatili ilikuwa pale pale, lakini utayari wa kutoa taarifa kwa wenye mamlaka ulipanda, na wanawake waliofanyiwa ukatili walipungua. Aliyeuliza mitazamo peke yake angeandika kwamba kampeni imeshindwa.

Kwa hiyo unapoagiza kazi ya athari, lipia vitu vitatu: kuwagawa watu kwa kura, kundi linaloona filamu nyingine (kundi lisiloona chochote halitoshi), na mahojiano yanayofanyika miezi kadhaa baadaye na timu isiyojitambulisha kwa filamu ile. Cha tatu ndicho hukatwa kwanza bajeti inapobana, nacho ndicho kisichopaswa kukatwa.

Wenye stesheni na mawakala wa matangazo, chukueni ana kwa ana mara mbili kwa mwaka, na ujumbe wa simu katikati kwa kufuatilia mabadiliko tu, bila kuchanganya tarakimu za njia mbili kwenye mstari mmoja. Mkataba utaje kwamba mtakabidhiwa faili la majibu ya mtu mmoja mmoja, majina na namba za simu zikiwa zimeondolewa, pamoja na hojaji katika kila lugha iliyotumika. Muuzaji anayetoa slaidi peke yake, msaini naye pale tu atakapokubali sharti hilo.