Kishikwambi kisichojua masika

Nimesita kuandika haya kwa muda mrefu, kwa sababu programu yenyewe, nikiipima kwa haki, haina ubaya mkubwa. Nisichoweza kusamehe ni jinsi tulivyofundishwa kuitumia.

Ninasimamia zamu katika kiwanda cha ndoo na mabeseni ya plastiki kando ya Barabara ya Nyerere. Uongozi ulinunua mfumo wa kidijiti wa kurekodi uzalishaji, pamoja na mafunzo yake, na daftari la zamu likaondolewa: mashine ikisimama, mwendeshaji huchagua sababu katika orodha iliyomo kwenye kishikwambi. Mkufunzi alikuja wakati wa masika, kijana ambaye hata shikamoo haikumtoka mbele ya mzee wetu aliyeanza kuendesha mashine hizo mimi nikiwa bado shuleni. Mzee akamweleza kwa upole kwamba plastiki iliyosagwa upya ikipata unyevu, ndoo hutoka na michirizi, nasi husimamisha mashine ili tuikaushe kwanza; je, hilo alibonyeze wapi? Halikuwemo. Badala ya kuliandika, kijana alisema mbele ya zamu nzima, “Mzee, mambo ya kienyeji tuyaache. Bonyeza ‘hitilafu ya mashine’ tuendelee.” Mzee akajibu, “Sawa, mwalimu,” wala hakuuliza tena.

Basi kila mvua ilipokolea, kishikwambi kilitangaza hitilafu, mafundi wakafungua hita zilizokuwa nzima kabisa, na ofisini zikafika grafu za rangi zilizoonyesha kwamba mashine zetu zimechakaa. Nusura vipuri viagizwe. Kampuni ya Matsushita ya Japani, ilipokuwa ikibuni mashine ya kuoka mkate nyumbani miaka ya 1980, ilimpeleka mtaalamu wake wa programu akajifunze kukanda unga kwa mwokaji wa hoteli moja ya Osaka. Sisi tulimletea mwokaji wetu mtu wa kumnyamazisha, tena kwa ankara.

Baadaye, binti mmoja wa chuo aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo alikaa na mzee zamu mbili, akaniuliza kwa nini orodha hatuihariri wenyewe. Kumbe inaharirika, na nywila ya kufanyia hivyo nilikuwa nayo mimi tangu siku ya kwanza, katika bahasha ambayo sikuwahi kuisoma hadi mwisho. Tuliongeza “malighafi yenye unyevu” kwa dakika chache, na wito wa mafundi ukapungua waziwazi. Nilikusudia kutoa nyota moja, lakini baada ya hapo programu naipa nne bila kinyongo.

Mafunzo siyapi hata moja. Aliyelipwa kutufundisha alishindwa kutamka sentensi moja, kwamba orodha ni yetu. Mzee bado anaweka daftari lake nyuma ya mashine, na kila Ijumaa mimi ndiye ninayemfuata kuliomba.