Seramiki za piezo kwa fundi wa Nyanda za Juu Kusini: ipi inunuliwe kwanza

Seramiki ya piezo hutoa umeme inapobanwa, na hubadilika umbo inapopewa umeme. Fundi wa Mbeya au Iringa kwa kawaida huiagiza Kariakoo au nje ya nchi bila kuishika mkononi, kwa hiyo ni vema aamue mapema kama anataka ihisi, ilie au isukume.

Nafasi ya kwanza naipa diski nyembamba iliyobandikwa juu ya bamba la shaba, hasa ile ya kipenyo cha milimita 27. Ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, hulia kama king'ora, na ikibandikwa kwenye fremu ya mashine ya kusaga mahindi au kukoboa kahawa huhisi mtikisiko wa beringi inayoanza kuchoka. Kwa kuwa pigo moja tu laweza kuzalisha makumi ya volti, iwekewe rezista ya megaomu 1 sambamba nayo pamoja na daiodi ya zena, yaani ile inayozuia volti isipande kupita kiasi, la sivyo yaweza kuunguza saketi inayoipokea. Wakati wa kulehemu waya, pasi iguse seramiki kwa sekunde moja au mbili tu, maana joto kali hufuta mpangilio wa umeme uliowekwa kiwandani, nao haurudi seramiki ikipoa.

Ya pili ni akchueta (kisukumizi kinachosogea kwa umeme) ya kupinda, yenye tabaka mbili za seramiki zilizoshikana. Ncha yake husogea hata kufikia milimita moja, lakini nguvu yake ni ndogo. Inafaa vavu ndogo za hewa.

Akchueta ya tabaka nyingi naiweka ya tatu, ingawa ndiyo inayotamanisha zaidi. Hurefuka kwa takriban asilimia 0.1 ya urefu wake, kwa hiyo yenye milimita 20 husogea mikromita 20 hivi, huku ikisukuma kwa mamia ya nyutoni au zaidi. Nyingi huhitaji volti 100 hadi 150 na kikuza umeme chenye uwezo wa kuijaza, na mara nyingi kikuza hicho ndicho kinachomaliza bajeti. Nunua iliyofungwa ndani ya ganda lenye springi inayoikandamiza, kwa sababu seramiki hustahimili kubanwa lakini huvunjika upesi ikivutwa au kupindwa. Kwa anayeishi Tukuyu, ambako mvua na unyevu ni vingi, ganda liwe limezibwa kabisa, kwani volti ikikaa muda mrefu katika hewa yenye unyevu huharibu tabaka za ndani.

Mwombe muuzaji azisokote pamoja ncha tupu za nyaya mbili za akchueta kabla ya kufunga mzigo, ili chaji (umeme unaojikusanya) isilimbikizane njiani. Badiliko la joto peke yake huzalisha chaji ndani ya seramiki, na basi linalotoka joto la Dar es Salaam na kupanda Kitonga hadi baridi ya Iringa hulileta badiliko hilo pamoja na mitikisiko ya barabara.

Pete na vibamba vitupu viwe vya mwisho, isipokuwa kwa anayetengeneza mtambo wa mawimbi ya sauti isiyosikika. Seramiki nyingi za aina hii zina risasi, metali yenye sumu, hivyo zisipigwe msasa wala kukatwa bila barakoa, na vumbi lake lifutwe kwa kitambaa chenye maji.