Fankshen ya manhattan() ya pakeji ya qqman, naipa nyota nne

Asalaam aleikum jamani, kama umekaa na matokeo ya GWAS (utafiti unaopima DNA ya watu wengi kutafuta sehemu zinazohusiana na ugonjwa au sifa fulani) kwenye laptopu na hujui uyachoreje soma hapa, maana mimi nlihangaika nayo wiki mbili nzima hapa Unguja.

Hii kitu ni nyepesi kuitumia. Unadanlodi qqman, pakeji ya kuchora grafu za GWAS, kwenye R ile programu ya takwimu, unasoma faili lako, unaandika manhattan(data) basi grafu hiyo. Inataka kolamu nne tu, SNP (jina la sehemu ya DNA inayotofautiana baina ya watu), CHR (kromosomu), BP (mahali ilipo kwenye kromosomu) na P (uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu), na kama zako zina majina mengine unayataja humo humo kwenye mabano. Kromosomu lazima iwe namba, X iandike 23, ukiacha herufi inakataa lakini inakwambia kabisa tatizo liko wapi, hilo nimelipenda sana. Mistari miwili ya mipaka ya P inajichora yenyewe, wa juu uko kwenye 0.00000005, yaani ile 0.05 ukiigawia vipimo milioni moja, wa chini 0.00001.

Mimi nilikuwa na data za selimundu, natafuta kinachopandisha himoglobini ya utotoni, ile ya mtoto mchanga ambayo ikibaki nyingi inapunguza makali ya selimundu. Kila nukta ni SNP moja, P ikiwa ndogo nukta inapanda, basi siku ya kwanza naona nukta zote zimelala chini kama mikarafuu ukiitazama kwa mbali, halafu kwenye kromosomu ya 2 mnazi umechomoza peke yake, pale pale penye jeni ya BCL11A. Nikamwita mama aje aone wallahi. Akauliza, hapo ndo penye dawa mwanangu? Nikamwambia ndiyo mama, yale matibabu ya kuhariri jeni yaliyoidhinishwa Uingereza na Marekani 2023 yanagusa hapo hapo, ila kule Marekani bei ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Akanyamaza.

Sasa tabu yake. Inachora kila nukta, hata zile zilizorundikana chini zisizoonekana, mimi nlikuwa na SNP milioni nane nikaseva PDF, nikapeleka stesheneri moja ya Darajani kuprinti, kompyuta ya yule kijana ikaganda na watu foleni nyuma yangu. Usiseve PDF, tumia png(). Na kabla ya kuchora toa zote zenye P zaidi ya 0.1, hapo karibu nukta tisa katika kila kumi zinaondoka na mnazi wako uko vile vile, laptopu inapumua. Lakini tafadhali ukija kwenye qq(), fankshen nyingine ya pakeji hii hii, rudisha data yote, ile inalinganisha P zako zote na zinazotarajiwa, ukipunguza mstari unapinda na utadhani kazi yako mbovu.

Jengine dogo, namba za kromosomu za mwisho mwisho huko zinabanana baadhi hazitokei, ongeza cex.axis = 0.6 humo kwenye mabano, inapunguza ukubwa wa maandishi, zinarudi.